Kigingi cha Pembe ya Nne

Kila Jumatatu Eunike aliamka kabla ya jogoo wa jirani yao, Mama Simaloi. Alichota maji mto Themi, akafagia, akampikia mama yake uji, kisha akanawa miguu na kumfuata baba yake bomani, kwenye ofisi ya serikali. Kazi yake huko ilikuwa moja tu, kubeba mchoro wa nyumba. Baba yake, fundi Thomasi, aliuchora kwa mkono wake mwenyewe, naye Eunike aliuweka ndani ya kipande cha mwanzi ili usikunjike wala kulowa.

Miaka hiyo Wadachi ndio waliotawala. Hakuna aliyejenga nyumba mjini Arusha bila karatasi yenye muhuri wa boma. Fundi Thomasi alikuwa amehama kutoka Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru, akapewa kiwanja kando ya njia ya sokoni. Mbao za mringaringa alikwisha kuzipasua, zikalala hapo chini ya majani ya migomba zikingoja kibali. Mkewe, Susana, alikuwa na mimba ya miezi saba. Walilala katika kibanda walichoazimwa na Mama Simaloi, jirani mwema aliyetoa alichokuwa nacho, lakini paa lake lilikuwa bovu. Nyumba isiposimama kabla ya masika, mtoto angezaliwa akinyeshewa.

Jumatatu ya kwanza karani wa boma aliutazama mchoro, akatikisa kichwa.

"Fundi, jiko umeliunganisha na nyumba. Sheria inataka likae peke yake, kwa ajili ya moto."

"Nitalitenga, Bwana Karani."

Jumatatu ya pili jiko lilikuwa limetengwa, lakini bwana mpimaji, Mdachi aliyepima viwanja, alikuwa amesafiri kwenda Moshi. Jumatatu ya tatu alikuwa amerudi, ila karatasi ya fundi ilikuwa chini kabisa ya karatasi nyingine.

"Karatasi nazo zina foleni kama watu," karani alisema.

"Basi yangu ina miguu mifupi," fundi Thomasi alijibu, na wote wawili wakacheka.

Karani huyo, Semkiwa, alikuwa kijana kutoka Bonde. Hakuwa na uwezo mkubwa, lakini hakumfukuza mtu. Kila walipongoja sana alimtolea Eunike kikombe cha maji na kumsogezea kigoda kivulini.

"Baba, huchoki?" Eunike aliuliza wakirudi.

"Nachoka miguu. Moyo bado. Mti mgumu hupasuliwa kwa kabari nyingi, mwanangu, wala si kwa pigo moja."

Jumatatu ya nne, mambo yakaharibika. Bwana mpimaji alikuja kiwanjani na mnyororo wake wa kupimia, Karani Semkiwa akiwa mkalimani, na askari mwenye kiboko kiunoni. Kiwanja kilipaswa kuwa na vigingi vinne vilivyopakwa chokaa. Walivihesabu: kimoja, viwili, vitatu. Penye pembe ya nne, upande wa barabara, palisimama mche mbichi wa sale.

Mdachi akapaza sauti, uso umemwiva. Karani akatafsiri polepole, kama mtu anayeona haya.

"Bwana anasema umeng'oa kigingi ili uisogelee barabara. Anasema kibali kitangoja mpaka njia nzima ipimwe upya, baada ya masika. Na ikionekana umeiba ardhi ya serikali, utaadhibiwa."

"Mimi sijagusa kigingi," alisema fundi Thomasi.

Eunike alikuwa nyuma yake, ameukumbatia ule mwanzi. Yeye ndiye aliyekigusa.

Ilikuwa hivi. Wiki tatu nyuma bibi yake wa Nkoaranga alimpa miche ya sale. Huko mlimani mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, ni sale. Mmea huo haufi upesi, na hakuna mtu mwenye adabu anayeuhamisha. Eunike alipokiona kigingi kimeinama, alicheka moyoni: nani anaweka mpaka kwa kijiti kikavu? Akaking'oa, akapanda sale ili amfurahishe baba yake. Kigingi akakitia jikoni, akakipikia uji.

Jioni ile mtoni, Namelok, rafiki yake, alimwita mbele ya wenzake.

"Eunike! Ni kweli baba yako anataka kuimeza barabara?"

"Mwache," mwingine akasema, "ataitafuna na mbao zake!"

Wakacheka. Eunike alijitwika mtungi, maji yakimmwagikia mabegani, akashika njia ya nyumbani. Kejeli angeweza kuivumilia, lakini hii ilihusu wizi, na jina walilolichafua lilikuwa la baba yake.

Alimkuta baba akinoa randa. Akautua mtungi, akasema kwa pumzi moja:

"Baba, ni mimi. Niliking'oa mimi, nikapanda sale. Nilidhani ndio mpaka mzuri. Kile kigingi… tulikipikia uji."

Fundi Thomasi akaiweka randa chini.

"Kigingi cha serikali?"

"Ndiyo, Baba."

"Uji ule wa ulezi?"

"Ndiyo, Baba."

Mama Susana, aliyekuwa mlangoni, akajiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika. Baba hakucheka. Akasema, "Nami nina kosa. Nilikupa kiwanja ukilinde, sikukuambia vile vigingi ni vya nini. Kesho tutakwenda wote. Utayasema wewe mwenyewe haya, nami nitakuwa kando yako."

"Na kiboko?"

"Nimesema nitakuwa kando yako."

Asubuhi Eunike alisimama mbele ya meza ya bwana mpimaji. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, ila hakuruka hata neno moja, na Karani Semkiwa aliyatafsiri yote, mpaka uji. Mdachi alisikiliza amekunja mikono.

"Anasema mtoto hutumwa na mzazi kusema lolote," karani alifasiri. "Anauliza, sale umeipanda wapi hasa?"

"Palepale, kwenye shimo la kigingi. Sikuchimba jingine. Chini yake kulikuwa na kitako cha chupa ya kijani. Niliogopa kujikata, nikatia udongo juu yake kwanza."

Karani alipolitafsiri neno chupa, Mdachi akaikunjua mikono. Chini ya kila kigingi yeye mwenyewe alifukia chupa, mdomo ukiangalia chini, ili alama isipotee hata kigingi kikioza. Jana yake hasira ilimzuia kuitafuta, na jambo hilo hakumwambia mtu yeyote mjini. Fundi Thomasi hakulijua, wala karani.

Wakaenda kiwanjani. Askari akaing'oa sale taratibu, akaitua pembeni bila kuikata mizizi, kisha akachimba. Jembe likagonga kioo. Chupa ilikuwa mahali pake. Mdachi akatandaza mnyororo, akapima mara mbili, akaitikia kwa kichwa. Barabara haikupungua hata kidole.

Fundi Thomasi alichonga kigingi kipya papo hapo. Karani Semkiwa naye hakuiacha karatasi irudi kwenye foleni. Aliipeleka mkononi mpaka mezani kwa mkubwa wa boma, akasimama hapo mpaka wino ukakauka. Kabla ya jua la mchana kibali kilikuwa ndani ya ule mwanzi.

Majirani walikuja kusaidia, baba yake Namelok akiwa wa kwanza. Namelok mwenyewe alibeba udongo wa kukandika, akamnong'oneza Eunike, "Nisamehe kwa ya mtoni." Kuta zikasimama, paa likaezekwa, na siku tatu baadaye mvua ikashuka kutoka Meru kwa kishindo. Ndani hapakudondoka tone. Susana alijifungua salama mtoto wa kiume, Mama Simaloi akiwa mkunga wake.

Eunike alikaa karibu na baba yake, wakisikiliza mvua.

"Baba, kama ningenyamaza?"

"Tungekuwa bado tunangoja, mwanangu, na mimi ningekuwa mwizi midomoni mwa watu. Ofisi ilituchelewesha wiki nyingi, hilo lilihitaji subira, na subira tulikuwa nayo. Lakini subira peke yake isingeufukua ukweli uliofukiwa. Ilibidi aliyeufukia auseme. Ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka. Na kitu usichokijua kazi yake, uliza kabla hujakitia jikoni."

Hapo ndipo fundi Thomasi alipocheka, akacheka mpaka mtoto akaamka.