Ufa Katika Mzizi

Kila siku baada ya masomo, Tarumbeta alipita kwa mjomba wake, daktari wa meno, kunywa maji na kutaniwa. Jina hilo msichana huyo alibandikwa na wenzake wa bendi ya shule, kwa ala aliyoipiga. Siku moja alikuja kutibiwa. Jino lake la mbele, alilogonga kwenye ngazi, lilikuwa limekufa ndani, na mjomba alikuwa akisafisha mfereji wa mzizi.

Kazi hiyo hufanywa kwa tupa nyembamba kama sindano. Daktari huanza na iliyo nyembamba kuliko zote, huosha mfereji, kisha huchukua inayofuata kwa unene. Akiruka hatua, chuma kinene husukuma kuta za mzizi, nazo huweza kupasuka.

"Mjomba, bado tu? Leo mwalimu anachagua atakayepiga peke yake kwenye mahafali!"

"Funga mdomo. Hapana, fungua!"

"Harakisha kidogo, mjomba wangu mzuri. Nakuomba."

Mjomba alitazama saa, akacheka, akaruka tupa mbili.

Tarumbeta aliwahi, akachaguliwa. Lakini wiki chache baadaye ufizi ulivimba. Mjomba alipaka jino rangi ya buluu inayoonyesha nyufa, akainama na lenzi. Mstari mwembamba wa buluu ulishuka na kuzama ndani ya mzizi.

"Itabidi ling'olewe," alisema.

"Si uzibe tu? Ufa huzibwa!"

"Wa ukuta huzibwa, mama. Wa mzizi hauzibiki."

Ganzi ilizuia maumivu, machozi haikuyazuia.

Kwenye mahafali alipiga mwingine. Tarumbeta alikaa mstari wa nyuma, na jino la bandia ambalo midomo yake haikuwa imelizoea. Jino la kupandikizwa lingengoja hadi taya lake likomae.

Baada ya sherehe, mjomba aliketi kando yake.

"Nimejiponza mwenyewe," Tarumbeta alisema. "Ningenyamaza tu."

"Usijibebeshe mzigo usio wako. Wewe ni mtoto. Kuomba haraka ni kawaida. Mimi nilijua kwa nini tupa hupangwa kwa unene, na bado nilikubali. Nimewaeleza wazazi wako hivyo hivyo."

"Kwa hiyo nisiombe tena?"

"Omba. Ila anayeijua kazi ndiye mwenye wajibu wa kukataa, hata kama anayemwomba anampenda. Nilitaka ufurahi siku moja. Kesho njoo na tarumbeta. Tutaanza na noti moja, polepole."