Wembe Uliobaki Dirishani

Kila alipotoka shule, Letisia alikuta kazi zinamsubiri: kuteka maji, kukata majani ya ng'ombe, kuosha madumu ya maziwa. Jioni hiyo alikuwa hoi bin taabani. Upepo wa Makambako nao, usio na adabu hata kidogo, ulikuwa ukimchapa tangu asubuhi.

Mama yake, Conjesta, aliingia uani na pikipiki anayobebea maziwa ya majirani wa Kitandililo. Injini iligonga ta-ta-ta-ta.

"Valvu zimelegea," mama alisema, akijishika kiuno. "Mgongo wangu hauinami leo. Kesho alfajiri utaziseti wewe, mwanangu, kama nilivyokufundisha. Injini iwe imepoa kabisa. Pima uwazi wa kila valvu kwa wembe mpya, wembe upite kwa kukwaruza kidogo tu." Akauweka wembe dirishani, ukiwa bado ndani ya karatasi yake, akaenda kujinyoosha.

Alfajiri! Na baridi ile ya Juni! Letisia alitamani kulia. Akaona heri amalize jioni ile ile, asubuhi alale. Injini ikiwa bado ya moto, alifungua vifuniko, akakaza skrubu za valvu kwa kubahatisha, akawasha. Kimya! Haikugonga tena.

Asubuhi pikipiki ilisumbua kuwaka. Ilipowaka, mama alitabasamu. "Imetulia kama cherehani mpya! Ulipima kwa wembe?"

"Ndiyo, mama," Letisia alijibu, macho chini.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia kwenye kilima cha kwanza. Letisia akielekea shule alimkuta mama anasukuma pikipiki, madumu yakining'inia huku na huku, jasho likimtoka katika baridi.

"Imekosa nguvu, ikazima. Sijui ina nini," mama alisema akihema.

Letisia akashika nyuma. Walisukuma, wakapumzika, wakasukuma tena. Walipofika juu, gari la kukusanya maziwa lilikuwa limeshaondoka. Masikini, maziwa ya watu!

"Mama," Letisia alisema, "sikupima. Nilikaza tu jana jioni. Wembe bado uko dirishani."

Mama hakufoka. Alikuwa amechoka mno hata asiweze kufoka. "Ukitoka shule utampitia kila jirani, umweleze mwenyewe kwa nini maziwa yake yamerudi."

Akawapitia wote. Bibi Scolastika, mjane asiye na kingine cha kuuza, alipokea dumu lake akasema tu, "Haya, mjukuu wangu. Nitagandisha mtindi." Letisia aliona aibu kuliko kama angechapwa.

Kesho yake alfajiri hakuamshwa na mtu. Vidole vikiwa vimekufa ganzi, alizungusha injini mpaka pistoni ikafika juu, akalegeza skrubu, akapitisha wembe mpaka akauhisi unakwaruza kidogo, kisha akakaza nati. Pikipiki iliwaka kwa kiki ya kwanza, ikigonga kwa mbali, tik-tik-tik.

"Bado inalia kidogo, mama," alisema kwa wasiwasi.

"Ndivyo inavyotakiwa," mama alisema akifunga madumu. "Valvu iliyokazwa mno haina kelele, lakini inaungua ndani kwa ndani. Jana pikipiki ilinyamaza, nikaisifu. Nawe ukasema umepima, nikakuamini. Ukichoka, mwanangu, sema umechoka, tutasaidiana. Usiseme umefanya."

Akaondoka. Letisia alisimama uani akiisikiliza pikipiki ikipanda kilima, mpaka ilipovuka juu.