Maktaba ya Zamu

Asubuhi Ininahazwe alikuwa shambani, mchana alikuwa kwenye cherehani, na jioni alitaka kusoma. Shamba lilimtii na cherehani ilimtii. Kusoma ndiko kulikomshinda, na wala si kwa uvivu wake.

Aliishi na mume wake, Felisiani, katika kijiji kimoja cha kata ya Titye, wilaya ya Kasulu. Majirani walimwita Mama Divine, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Alimaliza darasa la saba, na shule ikaishia hapo. Akaolewa, akalea, akajifunza kushona. Kisha siku moja redio ikasema kwamba mtu mzima aliyemaliza darasa la saba anaweza kujisomea mwenyewe na kufanya mtihani wa QT, ulio sawa na wa kidato cha pili. Akifaulu, anaweza kuendelea hadi mtihani wa kidato cha nne. Ininahazwe alikaa na habari hiyo moyoni siku kadhaa bila kumwambia mtu. Halafu akaenda kujiandikisha.

Vitabu vilikuwepo. Kando ya ofisi ya kijiji palikuwa na chumba cha maktaba chenye bati jipya, meza mbili na rafu za mbao. Vitabu vilitolewa na shirika moja lililokuwa likifunga ofisi zake. Chumba wanakijiji walikijenga wenyewe kwa kibiri.

Kibiri ni desturi ya huku. Majirani hukusanyika na majembe wakalima shamba la mmoja wao. Siku nyingine huhamia kwa mwenzake, mpaka wote wafikiwe. Hakuna anayelipwa, na mwenye shamba hupika. Kwa kibiri watu hawa wamelima milima ambayo mtu mmoja angeitazama tu akarudi kulala.

Kiongozi wa kibiri alikuwa Felisiani. Chumba kilipokamilika, yeye ndiye aliyesema kwamba maktaba nayo itunzwe kwa njia hiyo hiyo. Kila nyumba ishike ufunguo kwa wiki moja, kisha iupeleke kwa jirani. Watu wote wakapiga makofi, na Ininahazwe naye akapiga. Tusiwacheke, maana maneno yale yalipendeza kusikia.

Wiki ya mzee Makarius, watoto hawakuruhusiwa kuingia. Mzee aliamini kwamba mtoto na kitabu hawawezi kukaa pamoja bila kitabu kuumia. Wiki ya Rosa, watoto waliingia, ila kila mtu alivua viatu mlangoni. Nyumba moja iliazimisha vitabu kwa yeyote aliyeomba, na haikukumbuka nani alichukua nini. Nyumba nyingine haikuazimisha hata kimoja, ili isije ikalaumiwa. Shemeji wa Rosa alivipanga vitabu vyote kwa urefu, vifupi huku na virefu kule. Vilipendeza kweli, lakini hakuna aliyepata alichokitafuta. Kila Jumatatu ufunguo ulihama, na utaratibu ukahama nao.

Mvua za kwanza ziliponyesha mwezi wa kumi, kila mtu alikimbilia shambani kupanda. Mtihani wa Ininahazwe ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Zamu ilikuwa ya jirani yao Ndayikeza, naye alikuwa amekwenda Kumsenga, kule Kibondo, kumwoza dada yake. Ufunguo ulikwenda harusini ukiwa mfukoni mwa suruali yake. Aliporudi, zamu ikaingia kwa nyumba iliyoweka magunia ya mbegu za maharage ndani ya maktaba, mpaka mlango haukufunguka vizuri. Ininahazwe alikuja jioni baada ya jioni. Alisimama dirishani, akakiona kitabu cha baiolojia kwenye rafu. Alikiona vizuri kabisa, na hakuwa na namna ya kukifikia.

Mwezi wa kwanza matokeo yakatoka, naye alikuwa ameshindwa. Ilimuuma sana. Alishona siku nzima bila kuinua uso, na nguo mbili akazishona kinyume.

Felisiani alimpa pole, akamwambia atajaribu tena mwaka huo.

"Baba Divine," Ininahazwe akasema, "mimi sikushindwa kwenye chumba cha mtihani. Nilishindwa pale dirishani."

Wiki ile Ininahazwe alikwenda Kasulu mjini kununua nyuzi. Duka alilolizoea ni la Bi Kuruthumu, mama wa watu wa Pangani aliyeolewa huku na kubaki. Kabla ya kustaafu na kufungua duka la vitambaa, Bi Kuruthumu alikuwa mkutubi, yaani mtu aliyesomea kazi ya kutunza maktaba. Alipouona uso wa mteja wake alimvutia kigoda, akamtaka aseme kilichomsibu. Ininahazwe akamweleza yote, tangu redio hadi dirisha.

"Na nani ameajiriwa kukaa pale?" Bi Kuruthumu akauliza.

"Hakuna, mama. Tunapokezana. Ni kibiri."

"Na zahanati yenu nayo mnapokezana? Wiki hii Makarius achome sindano, wiki ijayo Rosa?"

Ininahazwe akacheka, ingawa hakuja kucheka.

"Kibiri ni kitu kizuri, mwanangu, usiwaache watu wakakidharau," Bi Kuruthumu akaendelea. "Lakini kulima ni kazi inayoisha. Shamba likishalimwa, kila mtu huenda kwake. Maktaba haiishi. Inataka mtu yule yule, kila siku, aliyefundishwa kazi hiyo, na anayelipwa ili mvua ikinyesha asikimbilie shambani kwake."

"Kijiji hakina hela ya kumlipa."

"Mmeomba wapi mkanyimwa?"

Ukweli ni kwamba hawakuwahi kuomba popote.

Bi Kuruthumu akamweleza taratibu, huku akimpimia mteja mwingine kitambaa. Kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo zake. Halmashauri ya kijiji huandaa rasimu, wanakijiji huijadili kwenye mkutano mkuu, kisha inapelekwa kwa halmashauri ya wilaya ipate idhini. Humo wataandika saa za kufungua, nani anaruhusiwa kuingia, kitabu kinaazimwa kwa muda gani, na kikipotea inakuwaje. Wakati huo huo wataandika kwamba kila mwaka sehemu ya mapato ya kijiji ni ya maktaba. Jambo hili la mwisho alilirudia. Alisema fedha isiyotengewa kazi yake huenda kwa yule anayelalamika zaidi mwaka huo, na vitabu havijui kulalamika.

Kisha kuna bajeti ya wilaya. Kijiji huorodhesha mahitaji yake, yakapita kwenye kamati ya maendeleo ya kata, yakafika kwa madiwani, ambao hupitisha bajeti kabla ya mwaka wa serikali kuanza mwezi wa saba. Akamwonya wasikawie, maana madiwani wakishapitisha, watasubiri mwaka mzima.

"Tena ipo sheria ya nchi ya huduma za maktaba, na ipo bodi inayozisimamia," akamalizia. "Waombeni ushauri. Waombeni na mafunzo ya mhudumu wenu. Msione haya, ndiyo kazi yao."

Ininahazwe alirudi nyumbani na nyuzi na maneno hayo. Felisiani aliyasikiliza akiwa ananoa panga, na hakuyapenda. Zamu ilikuwa wazo lake, na mtu huumia akiambiwa mtoto wake ana kasoro.

"Mama Divine, ukianza kumlipa mtu kwa kufungua mlango, kesho atataka alipwe kwa kusalimia," alisema.

Ininahazwe hakubishana naye. Alimwachia maneno, akaenda kupika.

Siku ya soko Felisiani alikwenda Kasulu kuuza maharage. Alirudi jioni akiwa na bunda la nyuzi za zambarau, rangi ambayo mke wake hakuwa na nguo hata moja ya kuitumia. Ininahazwe alizitazama nyuzi, akamtazama mume wake, akajua alikopitia. Chakula kilipoiva alimwongezea mboga.

Polepole Felisiani akatoa aliyoyauliza. Aliuliza nani atamchagua mhudumu, asije akawa mpwa wa mwenyekiti. Bi Kuruthumu alijibu kwamba watachagua kamati ya maktaba, yenye wanawake na vijana ndani yake, nayo itatangaza nafasi hadharani na kuwasaili waombaji. Aliuliza mhudumu akiwa mvivu itakuwaje. Jibu likawa kwamba atakuwa na mkataba, na mkataba unavunjika. Ndayikeza, ambaye alikuwa bado anaona aibu kwa habari ya ule ufunguo, alijitolea kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwaita watu mkutanoni. Mtendaji wa kijiji akaandaa rasimu.

Mkutano mkuu ulijaa. Rasimu iliposomwa, wengi walitikisa vichwa kukubali. Kisha mzee Makarius akasimama, akakohoa, akaegemea fimbo yake.

"Mimi nimeandikwa mara nyingi," alisema. "Niliandikwa nilipovuka mpaka na mama yangu. Niliandikwa kambini. Kila nilipoandikwa, nilihamishwa. Sasa mnataka na chumba chetu kiandikwe serikalini. Nacho kitahamishwa."

Wengi pale wazazi wao walitoka Burundi, na hata waliozaliwa raia waliyajua maneno hayo tangu utotoni. Ininahazwe alihisi mkutano ukimponyoka, na pamoja nao mtihani wa mwaka huo. Ndipo Felisiani akainuka.

"Mzee, nimekusikia. Baba yangu angekuwa hai angesema hivyo hivyo. Lakini zamani waliandika wengine habari zetu. Hii tunaiandika sisi, na humu tumeandika kwamba jengo ni mali ya kijiji." "Zamu niliileta mimi. Nilidhani kila kitu kinalimika kwa kibiri. Mke wangu akasimama nje ya chumba tulichokijenga wote, na kitabu alichokitaka kiko ndani. Tulimpa mlango, hatukumpa wa kuufungua."

Makarius aliomba kile kifungu cha jengo kisomwe tena. Kikasomwa. Akaomba kisomwe mara nyingine, polepole. Kisha akasema yeye hana neno, ila waongeze kwamba watoto wanawe mikono kabla ya kushika vitabu. Wakaongeza, na mikono ya kupitisha sheria ikainuka mpaka nyuma kabisa.

Mambo mengine yalikwenda kwa mwendo wake. Kwenye kamati ya kata, diwani wao aliuliza maswali magumu, kisha akalibeba ombi mpaka wilayani. Sheria ndogo ilipata idhini. Fedha zilizopatikana hazikuwa zote walizoomba. Umeme wa jua haukupatikana mwaka ule. Lakini wilaya ilikubali kuchangia malipo ya mhudumu, na kijiji kikatoa sehemu iliyobaki kutoka kodi ya vibanda vya soko, kama sheria yao ilivyosema. Kamati ikamchagua Niyitegeka, binti aliyemaliza kidato cha nne. Akaenda mafunzoni mjini, akarudi, akavipanga vitabu upya kwa kufuata masomo. Shemeji wa Rosa alinuna kidogo, kisha akaja kuazima kitabu cha kilimo cha mihogo na akakipata palepale.

Tangu mwezi wa saba mlango ulifunguliwa kila siku ya kazi, na Jumamosi hadi jioni. Mvua zilipoanza na watu wote wakaenda kupanda, Niyitegeka alibaki kwenye kiti chake. Ininahazwe alitoka shambani, akanawa mikono kama sheria ilivyotaka, akasoma baiolojia, akasoma historia. Alipokwama Niyitegeka alimsaidia, na walipokwama wote wawili walicheka na kutafuta kitabu kingine. Mwezi wa kumi na moja akafanya mtihani.

Matokeo yalitoka siku ya palizi. Kibiri kilikuwa shambani kwa Rosa, watu wote kwenye mistari yao ya mahindi, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Felisiani alisikia simu yake ikilia kwa ujumbe, akaifuta kwa shati, akasoma. Akasoma tena. Akamwita mke wake.

"Umefaulu," alisema. "Mama Divine, umefaulu."

Ininahazwe alisimama akiwa ameshika jembe, machozi yakamtoka mbele ya watu na hakuyafuta. Rosa alimkumbatia na matope yake yote. Kisha Ininahazwe akainama kuendelea na mstari, kwa sababu kwenye kibiri hakuna anayeondoka mstari wake haujaisha. Hata mgonjwa huomba ruhusa kwanza.

Mzee Makarius akamfuata, akalishika jembe lake.

"Lete hapa," akasema. "Niyitegeka anafunga saa kumi na moja. Nenda ukachukue vitabu vya kidato cha tatu."

Ininahazwe akajaribu kulishika jembe, lakini mzee alikuwa ameshaanza kulima. Ndayikeza akaingia upande wa pili wa mstari ule, Rosa akafuata. Felisiani alimwonyesha mke wake njia kwa kidevu, naye akaenda.