Nyundo Iliyorudishwa

Haya alinisimulia Gérard, fundi wa reli, mara moja tu, na hakutaka kuulizwa tena.

Mwaka 1961, mji wetu ukingali unaitwa Albertville, alipata nyumba aliyoiacha Mubelgiji mmoja. Ndugu za Gérard walikuwa njiani wakikimbia vita, basi akaamua kutoboa mlango kati ya stoo na chumba, wapate pa kulala. Stoo haikuwa na dirisha; hata saa sita mchana ilikuwa giza tititi. Akafanya kazi kwa kupapasa, nyundo juu ya tindo, ko, ko, ko. Mkewe, Emérance, alikaa chumbani akiutazama ukuta uleule, akisubiri tundu litokeze.

Tofali likavunjika. Hewa baridi ikampiga Gérard usoni. Akapiga tena kwa furaha, na nyundo ikamchopoka kwa jasho, ikazama tunduni. Akangoja isikike ikianguka. Kimya.

“Mama Claire, nyundo imeangukia huko?” akamuuliza mkewe.

“Nyundo gani, Papa? Huku ukuta njo muzima, hata ufa hauna.”

Na ukuta wenyewe ulikuwa na unene wa tofali moja tu. Mle tunduni chuma kikaanza kukwaruza tofali, polepole, kikija.

Nyundo ikarudi, mpini mbele, kama fundi anavyompa fundi mwenzake. Mkono wa Gérard ukaupokea kwa mazoea. Mpini ulikuwa na joto.

Akauvuta. Upande wa pili haukuachia.