Kaka Alisema Tumbo, Sisi Tukasikia Wazimu

Mimi ndiye niliyeshika miguu ya kaka yangu Siraje wakati majirani watatu wanamfunga kamba!

"Nabila, niachie! Tumbo langu!"

Sikuachia...

Jamani, msinitukane kwanza. Nisikilizeni.

Siraje ni fundi wa vyerehani pale Katwe. Ukimpelekea mashine iliyokufa, anaiwekea sikio kama daktari, halafu anaiambia, "Tulia mama, nakusikia." Wateja hoi kwa kicheko.

Miaka minne iliyopita madaktari walisema ana bipola, ugonjwa wa akili. Akapewa dawa, akatulia, akarudi kazini.

Ila kwetu Kibuli, kuanzia siku ile, Siraje hakuwepo tena. Akicheka sana: "Imepanda." Akinyamaza: "Inakuja." Akikasirika kwa sababu umemlia chapati yake: "Huyu amemeza dawa kweli?"

Jumatatu moja akaanza kushika tumbo. Chakula hagusi. Jumatano jasho linamtoka, anaweweseka, anapiga ukuta kwa ngumi.

"Imempanda," mama akasema.

"Imempanda," nikaitikia.

Tukamfikisha kliniki ya mtaani, kafungwa kama mbuzi wa Idi. Musawo, yaani tabibu wa zamu, aliuliza swali moja tu.

"Ana ugonjwa gani?"

"Bipola."

Akamchoma sindano ya usingizi. Tumbo hakuligusa!

Asubuhi akaingia nesi, Alanyo, dada mwembamba wa kutoka kaskazini. Faili hakufungua. Alichuchumaa mpaka uso wake ukalingana na wa kaka.

"Siraje, unaumwa wapi?"

Kaka akaangua kilio. Siku tatu zile... hakuna aliyemuuliza!

Nesi akabonyeza tumbo. Gumu kama ubao. Akanigeukia.

"Huyu ni wa kupasuliwa sasa hivi! Nani alimfunga kamba?"



Hospitali ya Mulago walikuta kidole tumbo kimeshapasuka, usaha umejaa. Siku tisa nililala sakafuni kando ya kitanda chake, macho yangu kwenye alama za kamba miguuni.

Akapona.

Mnadhani yameisha? Bado...

Mwezi uliopita nilimkuta jikoni ameinama, ameshika shavu, machozi yanamlengalenga.

"Kaka, unaumwa?"

"Hapana, mdogo wangu. Niko sawa."

Akatabasamu. Tabasamu lile lilinitia baridi! Akaingia chumbani, akajifungia. Nikasikia ananong'ona peke yake...

Imempanda. Nikashika simu nimwite mama.

Kisha nikayasikia maneno yenyewe.

"Sista Alanyo, jino linaniua. Nakuomba, nyumbani wasijue. Watanifunga."

Hakuwa peke yake. Alikuwa kwenye simu.

Nilikaa chini pale pale koridoni.

Ndugu zangu, mwenye ugonjwa wa akili naye ana meno. Ana tumbo, ana hasira, ana siku mbaya, kama wewe tu. Ukishamwita kwa jina la ugonjwa, utamsikia vipi akikuita wewe?

Jana nilibisha mlangoni kwake, nikamwomba msamaha.

"Yameisha, Nabila," akajibu, tena kwa upole kabisa.

Lakini mlango hakufungua.