Kiti cha Methodius

Siku ya gulio Kayanga, mwaka 1948, Stephania alikuwa akipenya katikati ya mikungu ya ndizi, gauni lake la bluu limembana kiuno, gongo la mtu likanasa upindo. Kitambaa kikachanika hadi gotini.

"Jamani!" alishtuka, akajishika.

Mwenye magongo alikuwa kijana mrefu aliyevaa koti la jeshi; mguu wake wa kulia uliishia gotini.

"Nisamehe, bibi. Keti hapa."

Kabla hajakataa, kijana alishatoa sindano kofiani. Alipomaliza, Stephania hakuuona mshono.

"Nani kakufundisha?"

"Jeshi. Nilishona sare Burma, mpaka bomu liliponikuta. Sasa kila ninapoomba kazi naambiwa cherehani inataka miguu miwili."

Stephania alikuwa mjane kutoka Muleba, na hapo Kayanga, barazani kwake, zilikuwapo cherehani tano alizoachiwa na marehemu mumewe. "Mimi natafuta fundi, sitafuti miguu," alisema. "Njoo Jumatatu."

Methodius Rwegasira alishona hapo miezi minne, na utani haukukatika.

"Bibi, leo umependeza mpaka uzi unanikatikia."

"Shona, mwongo we!"

Lakini Stephania aliona. Kila adhuhuri mguu ule mmoja uliokanyaga pedali ulitetemeka, na jasho lilimtiririka hata siku za mvua. Aliogopa kumwuliza asije akamwaibisha.

Asubuhi moja Methodius alikuta kiti chake kipo, cherehani haipo.

"Imekwenda wapi?"

"Bibi kaipandisha kwenye lori, kaondoka nayo Bukoba," alisema Verdiana, mshonaji mwenzake. "Hakusema neno."

Methodius alijua amefukuzwa. Hata yeye! Hata huyu aliyekuwa akimtazama vile! Akakusanya sindano zake, akarudi kwao Bugomora.

Siku ya tatu Stephania alirejea, akaambiwa Methodius ameondoka. Kesho yake alifika Bugomora, vumbi hadi kwenye nyusi, akamkuta ameketi kwenye kisiki migombani. Mama yake, Anatolia, alikuwa akimenya ndizi mlangoni.

"Shikamoo, mama. Methodius, mbona umeniacha?"

"Mimi? Si wewe uliyenifukuza?"

"Nikufukuze! Niliipeleka ikafungwe mkono wa kuzungushia, upumzishe mguu wako!"

Methodius alimkodolea macho. "Stephania, mkono mmoja ukizungusha, kola nitaiongoza kwa mkono upi?"

Stephania aliachama. Safari yote ile, na hilo hakuliwaza hata mara moja!

"Basi unataka nini?"

"Meza ndefu, kiti cha juu, na mkasi. Sare za kikosi kizima nilikata mimi. Wewe unakata mabega kombo, sisi tunahangaika kuyanyoosha. Ungeniuliza tangu siku ya kwanza ningekwambia."

"Na wewe ungesema!"

"Kwa bosi wangu? Nife njaa?"

Stephania alicheka huku machozi yakimtoka. "Meza utapata, na mkasi nakukabidhi. Kuanzia leo nitakuuliza kila kitu." Akavuta pumzi. "Utanioa?"

Kisu kilimponyoka Anatolia. "Yesu wangu! Mwanamke anaposa!"

Methodius alikuwa ameshainuka kwenye magongo yake. Alitazama huku na huku, kama aliyesikia vibaya.

"Ngoja nikae kwanza, mpenzi," alisema, akijishusha polepole kwenye kisiki. "Mguu ni huu mmoja tu, nawe umeumaliza nguvu. Nitakuoa. Lakini acha nikae."