Upasuaji wa Malab

Soko la Isiolo lilikuwa limejaa siku paka alipomkojolea Yattani. Alikuwa ameinama kuchagua shati kwenye kibanda cha Ikra, na paka amelala juu ya nguo.

"Woi, pole sana!" Ikra aliruka, akashika pindo la dira, gauni lake pana la zambarau, akampangusa mkono. "Huyu paka wangu Malab anavuja hivi tangu azaliwe. Majirani mtaani kwetu Bulla Pesa wanasema nimtupe."

"Salaam aleikum kwanza," Yattani alicheka. "Mimi ni daktari wa mifugo. Nimeshakojolewa na ngamia."

"Basi leo umepata nafuu."

Wakabadilishana namba. Tangu siku hiyo simu hazikukatika.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Paka ama mwenye paka?"

"Mwenye paka. Yule mwingine nitamwangalia nikija."

"Una maneno wewe! Njoo basi, chai iko tayari."

Vipimo vilionyesha kwamba mrija mmoja wa kutoka kwenye figo ulikuwa umekipita kibofu na kuishia chini yake, ndiyo maana mkojo ulitiririka wenyewe. Ulihitaji kukatwa na kuunganishwa upya. Yattani alimjua bingwa wa kazi hiyo Nairobi. Yeye hakuwa ameifanya hata mara moja.

"Wewe utaweza?" Ikra aliuliza, macho yake yakimng'aria.

"Niamini, mpenzi."

Mrija wenyewe ulikuwa mwembamba kama uzi. Alishona jasho likimtoka. Asubuhi iliyofuata alikuta mshono umeachia, mkojo umevujia tumboni. Hakuweza kumwokoa. Malab alikuwa ndiyo kwanza amekata roho simu ilipolia.

"Ameamka mtoto wangu?"

Yattani alitazama manyoya yaliyolowa. "Bado amelala. Dawa ni kali."

"Mvivu kama daktari wake!" Ikra akacheka. Naye Yattani, kwa kukosa la kufanya, akacheka pia.

Kesho yake Ikra alifika kliniki na nyama ya ngamia aliyoikatakata vipande vidogo. Kizimba kilikuwa kitupu, kimeoshwa.

"Yuko wapi?"

"Alikufa jana asubuhi. Ule upasuaji sikuwa nimewahi kuufanya, Ikra. Nilitaka tu uone naweza."

Ikra aliketi, nyama mapajani. Alilia bila sauti. Yattani alinyoosha mkono, akaurudisha.

Alikwenda Nairobi kujifunza kwa yule bingwa. Aliporudi alimkuta Ikra kibandani akikunja nguo.

"Bado nakupenda," alisema. "Nataka kutuma wazee kwenu walete posa."

Mikono ya Ikra ilisimama. "Nilikuwa nawangojea hao wazee. Nilishamwambia mama."

"Basi nisamehe."

"Kumpasua nilikusamehe siku ileile. Hata kufa kwake. Lakini uliniacha nicheke, na wewe ukacheka. Sasa kila ukicheka nitajiuliza ni nini kimekufa."

Mteja alikuwa ameingia, akiulizia bei ya dira. Ikra alijifuta macho haraka, akageuka kumhudumia.